Fridtjof Nansen, mzungu wa barafu aliyewatafutia wakimbizi pasipoti

Yeyote aliyekimbia vita kutoka Masisi, Djugu au Fizi anajua namna inavyokuwa. Kabla hata ya kufikiria nyumba iliyobaki nyuma, mtu anajigusa mfukoni kutafuta karatasi. Karte ya mchaguzi ikiungua, au ikisahaulika chini ya godoro, kwenye kizuizi cha kwanza unaulizwa wewe ni nani, na mdomo wako peke yake hautoshi. Mhami asiye na karatasi hajaandikwa popote: hapati jeton, hapati shitingi, hawezi kupokea pesa ambazo ndugu anamtumia.

Miaka zaidi ya 100 iliyopita, ni Wazungu waliokuwa katika hali hiyo, tena kwa mamia ya maelfu. Mtu aliyewatafutia dawa hakuwa mwanasheria, wala hakukulia katika siasa. Alikuwa mtaalamu wa wanyama aliyejulikana duniani kwa kutembea juu ya barafu. Jina lake Fridtjof Nansen, mwana wa Norvège.

Alizaliwa tarehe 10 mwezi wa kumi 1861, karibu na mji mkuu ambao leo unaitwa Oslo. Wakati ule Norvège haikuwa nchi huru kamili, ilikuwa imeunganishwa na Suède chini ya mfalme mmoja. Baba yake alikuwa mwanasheria, mama yake mwanamke wa michezo ya theluji, na kijana akakulia porini kuliko nyumbani. Alisoma elimu ya wanyama, akafanya kazi katika jumba la makumbusho la Bergen, na mwaka wa 1888 akapata udaktari kwa uchunguzi wake juu ya mishipa ya fahamu.

Mwaka huohuo alivuka Groenland kwa miguu, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, ambacho karibu chote kimefunikwa na barafu. Walikuwa watu sita, na wawili kati yao, Samuel Balto na Ole Ravna, walikuwa Wasami, wale wenyeji wa kaskazini ambao Wanorvège wengi wa wakati ule waliwadharau. Wengine waliomtangulia walijaribu kuanzia magharibi, penye vijiji, ili wakishindwa warudi. Nansen alianzia mashariki, pasipo na mtu. Ukishindwa huko, nyuma hakuna kwa kurudia, na ndivyo alivyotaka.

Walipofika ng'ambo, meli ya mwisho ya mwaka ilikuwa imekwisha kuondoka. Wakalala huko miezi ya baridi, karibu na Wainuit. Jambo hili watu wengi wanalipita haraka katika habari za Nansen, lakini mimi naona linafaa kusimamiwa kidogo. Alijifunza kuendesha mitumbwi yao, akala chakula chao, akajifunza maneno ya lugha yao, kisha akaandika kitabu kizima juu ya maisha yao. Humo alilalamika kwamba Wazungu waliokuja na dini na biashara walikuwa wakiharibu jamii iliyojua kugawana kila kinachopatikana. Kwa Mzungu wa mwaka wa 1891, miaka sita tu baada ya mkutano wa Berlin uliompa Léopold II nchi yetu, kuandika hivyo kulikuwa si kawaida.

Safari yake kubwa zaidi ilianza mwaka wa 1893. Alitengenezesha meli iitwayo Fram, yenye tumbo la mviringo, ili barafu ya bahari ikiibana, badala ya kuivunja iinyanyue juu. Kisha akaiacha kwa makusudi ikamatwe na barafu na kusukumwa taratibu kuelekea ncha ya kaskazini. Wenye ujuzi wengi walimwambia huo ni wazimu. Meli haikuvunjika. Mwaka wa 1895 yeye na mwenzake Hjalmar Johansen waliiacha, wakaenda kwa mbwa na mbao za kuteleza, wakafika mbali kuliko binadamu yeyote aliyejulikana kabla yao, nyuzi 86 na dakika 14 kaskazini. Ncha yenyewe hawakuifikia. Walirudi wakichinja mbwa dhaifu ili wale wenye nguvu wapate kula, wakapitisha miezi ya giza katika kibanda cha mawe na ngozi, wakila nyama ya dubu. Mwaka wa 1896 walipofika nyumbani, Nansen alikuwa mmoja wa watu waliojulikana sana duniani.

Umaarufu huo ndio baadaye ulimfungulia milango ya mawaziri. Mwaka wa 1905 Norvège ilipoachana na Suède bila kumwaga damu, yeye alikuwa mmoja wa waliotumwa kumshawishi mwana wa mfalme wa Denmark akubali kuwa mfalme wao. Baadaye akawa balozi London. Mke wake Eva, mwimbaji, alikufa kwa ugonjwa wa mapafu mwaka wa 1907 mume akiwa safarini kurudi, na hakumkuta hai. Mtoto wao wa mwisho naye alikufa miaka michache baadaye. Waliomjua wanasema alibaki mtu mwenye huzuni, mgumu kukaa naye nyumbani.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, Nansen alikuwa na miaka karibu 60. Mataifa yaliunda Ushirika wa Mataifa huko Geneva, ule uliojulikana kwa Kifaransa kama SDN, mtangulizi wa ONU ya leo. Mwaka wa 1920 Ushirika ulimpa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuwarudisha makwao wafungwa wa vita, mamia ya maelfu ya askari waliokuwa bado kwenye makambi ya Siberia na kwingineko, wakifa kwa njaa na homa ya madoadoa. Shida ni kwamba Wabolshevik waliokuwa wakitawala Urusi hawakuutambua Ushirika huo. Walisema hawataongea nao, lakini wataongea na Nansen mwenyewe. Basi akawa kama nchi ya mtu mmoja. Alipanga treni hadi bahari ya Baltique, akatafuta meli, akakopa pesa kwa serikali. Kufikia mwaka wa 1922, watu zaidi ya 400,000 walikuwa wamerudi kwao.

Mwaka wa 1921 njaa kali ilipiga bonde la mto Volga. Mvua ilikosa, lakini kabla ya hapo vita vya wenyewe kwa wenyewe na askari waliokuwa wakinyang'anya wakulima nafaka vilikuwa vimekwisha kuharibu mashamba. Nansen alisimama mbele ya wajumbe huko Geneva akaomba mkopo. Aliwakumbusha kwamba Argentina mahindi yanachomwa kama kuni katika mitambo ya treni, na kwamba meli tupu zimefungwa bandarini Ulaya bila kazi, na katikati ya mahindi na meli hizo kuna mamilioni wanaokufa. Serikali zilikataa. Ziliogopa kwamba kulisha wenye njaa ni kulisha Wabolshevik, na mjumbe mmoja alisema wazi kwamba heri watu wafe kuliko kuisaidia serikali ile. Mabishano haya sisi tunayajua: chakula kipite katika eneo linaloshikwa na nani, na nani atafaidika. Wamarekani, chini ya Herbert Hoover, ndio walioleta chakula kingi zaidi. Nansen alizunguka akionyesha picha za watoto wa Samara na Saratov kwa raia wa kawaida, akikusanya michango midogo midogo. Hesabu nyingi zinasema watu karibu milioni tano walikufa. Magazeti ya nchi yake mwenyewe yalimwita kibaraka wa Wabolshevik.

Katikati ya hayo yote alipewa kazi ya tatu, ile ambayo jina lake limebaki nayo. Mwezi wa nane 1921 Ushirika ulimteua Kamishna Mkuu wa wakimbizi Warusi. Warusi zaidi ya milioni moja walikuwa wamekimbia mapinduzi, wametawanyika kutoka Constantinople hadi Berlin, Paris na Harbin huko China. Mwishoni mwa mwaka huo serikali yao iliwanyang'anya uraia wengi wao kwa amri moja. Kwa hiyo mtu aliamka asubuhi, hana nchi. Poland inataka kumfukuza, lakini imfukuzie wapi? Ufaransa inahitaji wafanyakazi, kwa sababu imepoteza wanaume zaidi ya milioni moja vitani, lakini mpakani askari anataka pasipoti, na hakuna balozi wa kuitoa.

Ushirika ulimpa Nansen pesa za ofisi tu, hata senti ya msaada hakuna. Labda ndiyo maana alifikiria jambo lisilogharimu kitu. Mwezi wa saba 1922 aliita serikali 16 Geneva, akazipendekezea cheti kimoja cha aina moja: kila serikali iwape wakimbizi Warusi walio kwake karatasi yenye jina, picha na umri, na serikali nyingine zikubali kuisoma mpakani. Walikubali. Watu wakaiita pasipoti ya Nansen. Baadaye Waarmenia waliookoka mauaji ya Uturuki waliongezwa mwaka wa 1924, kisha Waashuri na wengine wachache mwaka wa 1928. Nchi zaidi ya 50 ziliitambua, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya vyeti karibu 450,000.

Kusema kweli, kilikuwa kikaratasi dhaifu. Kilidumu mwaka mmoja, kisha unakifanya upya. Hakikukupa uraia. Mwanzoni hakikukupa hata haki ya kurudi katika nchi iliyokupa, hivyo nchi nyingine zilisita kukupokea zikiogopa utakwama kwao. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka wa 1926. Tangu hapo pia mwenye uwezo alilipia tembe ya franka 5 za dhahabu yenye picha ya Nansen, na pesa hiyo ikasaidia wakimbizi maskini zaidi. Lakini kwa mara ya kwanza mtu asiye na serikali yoyote nyuma yake aliweza kusimama mbele ya askari wa mpaka akiwa na jina. Mchoraji Marc Chagall alikuwa nayo, mtungaji wa muziki Igor Stravinsky pia, na mwandishi Vladimir Nabokov, ambaye aliichukia kwa namna maofisa walivyoitazama kwa dharau. Wengi zaidi walikuwa watu wasiojulikana: maofisa wa jeshi la zamani walioendesha taksi Paris, wakulima, washonaji, wachimba migodi. Kuanzia 1925 kazi ya kuwatafutia ajira ilipelekwa kwa ofisi ya kimataifa ya kazi, ile BIT, kwa sababu Nansen aliona kwamba mkimbizi anayelishwa kambini mwaka hadi mwaka hatimaye huchukiwa na wanaomlisha.

Upande wa pili wa maisha yake ni mzito zaidi, na wanaomsifu mara nyingi wanaunong'ona. Mwezi wa tisa 1922 jeshi la Uturuki liliwashinda Wagiriki, mji wa Smyrne ukaungua, na Wakristo zaidi ya nusu milioni wakakimbilia visiwa na bandari za Ugiriki bila kitu. Nansen alitumwa huko. Aliyoyaona yalimfanya aamini kwamba watu hao hawatarudi tena kamwe, na kwamba Wagiriki waliobaki Uturuki na Waislamu waliobaki Ugiriki watachinjwa kidogo kidogo. Akapendekeza wabadilishane: Wakristo wote huku, Waislamu wote kule, kwa mkataba na kwa ulinzi. Serikali zote mbili zililitaka. Mkataba ulitiwa sahihi Lausanne tarehe 30 mwezi wa kwanza 1923, na uliandika kwamba kuhama ni lazima.

Kwa jumla Wakristo karibu 1,200,000 walihesabiwa upande wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia kabla ya mkataba. Waislamu kati ya 350,000 na 400,000 walipelekwa Uturuki. Kipimo hakikuwa lugha, kilikuwa dini. Hivyo Wakristo wa Anatolia walioongea Kituruki tu nyumbani walishushwa katika nchi ambayo hawakuelewa neno lake moja, na Waislamu wa Crète waliojua Kigiriki peke yake wakafanywa Waturuki. Waliotolewa katika hesabu ni Wagiriki wa Constantinople na Waislamu wa Thrace ya Magharibi. Hakuna aliyeulizwa kama anataka kuhama. Makaburi ya wazee yalibaki ng'ambo, na mashamba vilevile. Ahadi ya kulipwa thamani yake kwa wengi ilibaki maandishi.

Alifanya vibaya? Wapo wanaosema aliokoa maisha ya watu ambao wangeuawa, na kwamba sehemu kubwa ya uhamisho ilikuwa imekwisha kufanywa na moto na bunduki. Ni kweli. Lakini mkataba ule uliwaonyesha viongozi kwamba mataifa makubwa yanaweza kukaa mezani na kuhalalisha kufukuzwa kwa watu kwa sababu ya asili yao, mradi sahihi ziwepo na kazi ifanywe kwa utaratibu. Wengi baada ya 1923 waliutaja kama mfano mzuri, na baadhi yao hawakuwa na huruma ya Nansen. Mimi naona hili ni kosa kubwa kuliko yote katika maisha yake, hata kama nia ilikuwa kuzuia damu. Mahali ambapo makabila yameishi yakiwa yamechanganyika kwa vizazi, yakioana na kuuziana sokoni, mtu anayekuja na kalamu kugawa huyu wa huku na huyu wa kule huwa anakata katikati ya nyumba za watu.

Lakini baada ya hapo hakuwaacha wakimbizi wa Ugiriki. Nchi ile ilikuwa na wakaaji karibu milioni tano tu, na sasa karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa mgeni asiye na paa. Nansen alihimiza mkopo wa kimataifa badala ya msaada wa kila siku. Mwaka wa 1924 Ugiriki ilipata mkopo huo, na tume maalum ikagawa mashamba, mbegu, ng'ombe na mitambo ya kufumia mazulia. Huko Macedonia vinamasi vilikaushwa, vijiji vipya vikaota. Mapokezi hayakuwa matamu. Wenyeji waliwaita wageni hao majina ya dharau, na vitongoji vya mabati kando ya Athènes vilidumu miaka mingi. Hata hivyo, ndani ya miaka kumi waliokuja na magunia mgongoni walikuwa wakilima na kuuza tumbaku.

Kwa Waarmenia hakufaulu hivyo. Mwaka wa 1925 alikwenda Érivan na wataalamu, akapima ardhi kavu iliyoweza kunyweshwa maji kwa mifereji ili wakimbizi walio Syria na Ugiriki wapate makao. Hesabu ilikuwa imekamilika. Serikali zilezile zilizowaahidi Waarmenia nchi wakati wa vita zilikataa kutoa dhamana ya mkopo. Alirudia ombi mwaka baada ya mwaka, hadi akakata tamaa. Wanaomwandika wanasema hakuna jambo lililomuuma zaidi.

Alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka wa 1922, na pesa zake akazipeleka kwenye kazi ya msaada. Mwaka wa 1926 aliunga mkono mkataba wa kupiga vita utumwa, uliogusa pia kazi ya kulazimishwa katika makoloni. Hapo sisi tulikuwa tunahusika moja kwa moja, maana wakati uleule wakulima wa Kongo walikuwa wakilazimishwa na Wabelgiji kulima pamba. Mkataba uliacha mlango wazi: kazi ya lazima kwa faida ya umma iliruhusiwa, na kila mkoloni alijua namna ya kuita faida yake ya umma. Tusisahau kwamba Ushirika huohuo ndio ulioidhinisha, mwaka wa 1922, Ruanda-Urundi ibaki mikononi mwa Ubelgiji. Watu wetu waliohamishwa kwa nguvu kwenda migodini na kwenye reli hawakuwa wakimbizi katika vitabu vya Geneva. Pasipoti ya Nansen ilikuwa ya Warusi, Waarmenia na Waashuri. Mwafrika aliyetoroka kazi ya kulazimishwa na kuvuka mto kwenda koloni jingine hakuwa na kamishna.

Nansen alikufa tarehe 13 mwezi wa tano 1930, nyumbani kwake Polhøgda karibu na Oslo, akiwa na miaka 68. Alizikwa siku nne baadaye, tarehe 17, ambayo ni sikukuu ya taifa la Norvège. Ofisi iliyochukua jina lake iliendelea na kazi na kupata Nobel yake mwaka wa 1938, wakati ambapo Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wakigonga milango na kuikuta imefungwa. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 ulichukua wazo la cheti cha safari kutoka kwenye kikaratasi cha 1922, na mwaka wa 1969 nchi za Afrika zikaandika mkataba wao, ulio mpana zaidi, unaomtambua pia mtu anayekimbia vita na machafuko. Hiyo yote ni kwa aliyevuka mpaka. Aliyekimbia bila kuvuka mpaka, kisheria bado yuko chini ya serikali yake mwenyewe, na karatasi anapaswa kuipata kwa serikali hiyo.

Tangu 1954 HCR hutoa tuzo yenye jina la Nansen kwa watu wanaowahudumia waliong'olewa makwao. Wa kwanza kupewa alikuwa Eleanor Roosevelt. Mwaka wa 2013 alipewa Mkongomani, sista Angélique Namaika wa Dungu, katika Haut-Uélé, aliyekuwa akizunguka kwa kinga kwenye barabara mbovu ili kuwafikia wanawake na wasichana waliofukuzwa au kutekwa na LRA. Aliwafundisha kusoma, kushona, kupika na kuoka mikate ya kuuza.